Tatuu ya kinasa ndoto isiyogeuka utando wa buibui: mwongozo kamili kuanzia karatasi hadi ngozi iliyopona

Wanaochorwa tatuu ya kinasa ndoto, yaani pete yenye wavu ndani na manyoya yanayoning'inia chini yake, ile ambayo vijana wengi huiita dream catcher, wanaangukia kasoro zile zile tatu. Wavu unatoka kama utando wa buibui. Baada ya miaka michache mistari ya ndani inashikana na kuwa doa. Na mtu akisimama wima, manyoya yanaelekea juu badala ya kuning'inia.

Picha ninazotumiwa na wasomaji zimejaa kasoro hizo, na karibu zote chanzo chake ni kimoja: mtu alikwenda kwa mchoraji na picha aliyoitoa mtandaoni, bila kuichora kwanza kwa vipimo vya mwili wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inafanyika mezani. Si lazima uwe na kipaji cha kuchora. Ukiweza kutumia bikari na rula, utaweza.

Kama dini yako hairuhusu tatuu ya kudumu, hatua ya 2 hadi ya 7 zinakufaa vilevile kwa hina.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bikari, kipimapembe, rula, penseli ngumu iliyochongwa vizuri na kifutio
- Karatasi nyeupe kadhaa za A4 na karatasi moja nyepesi ya kunakilia, ile unayoona mchoro wa chini yake
- Kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, na kalamu ya marka yenye ncha ya milimita 1
- Futi kamba ya fundi cherehani
- Mkasi, selotepu na penseli ya wanja
- Simu yenye kamera, na mtu wa kukupiga picha
- Hina ya asili, kwa ajili ya majaribio

Usiruke futi kamba. Wengi huanza na mchoro kisha wakatafuta pa kuuweka. Anza na mwili, mchoro ufuate.

## Kila sehemu ina kazi yake

Sitaeleza historia, ila lazima ujue kila sehemu ni ya nini, kwa sababu hapo ndipo utakapojua unaweza kubadilisha nini bila kuharibu.

Kinasa ndoto ni cha Waojibwe, watu wa asili wanaoishi kuzunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, upande wa Minnesota, Wisconsin, Michigan na Ontario. Frances Densmore, aliyechapisha utafiti wake juu yao mwaka 1929, alieleza pete ndogo za mti zenye kipenyo cha inchi 3 na nusu, yaani karibu sentimita 9, zilizofungwa wavu wa uzi mwembamba, mara nyingi mwekundu. Zamani uzi huo ulitokana na mmea unaowasha. Kwa kawaida zilitundikwa mbili juu ya kibebeo cha mtoto mchanga ili zinase madhara yaliyomo hewani, kabla hayajamfikia.

Pete ndiyo inayoshikilia kila kitu. Wavu ndio unaonasa. Tundu la katikati ni njia: kwa simulizi iliyoenea zaidi, ndoto njema hupita hapo na kuteremka kwenye manyoya hadi kwa aliyelala, na zile mbaya hubaki zimenaswa mpaka mwanga wa alfajiri uziteketeze. Walakota wanasimulia kinyume, kwamba mema hubaki wavuni na mabaya hutokea tunduni. Zote mbili ni simulizi za watu walio hai, na ni vizuri ujue unabeba ipi utakapoulizwa.

Katika simulizi zote mbili tundu liko wazi. Litunze hilo kichwani mpaka hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Chunguza ngozi yako na kazi yako

Tazama makovu uliyonayo. Anza na lile la chanjo ya kifua kikuu mkononi, kisha alama za tetekuwanga, tundu za hereni na mahali ulipowahi kushonwa. Kovu likiwa bapa au limebonyea kidogo, endelea. Likiwa limevimba na kutambaa nje ya jeraha la awali, una keloidi, na tatuu ni maelfu ya majeraha madogo. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata keloidi kuliko wengine, hasa kifuani, mabegani, sehemu ya juu ya mgongo na masikioni. Mwenye historia hiyo, yake mwenyewe au ya familia, amwone kwanza daktari wa ngozi, na ajiandae kusikia jibu la hapana.

Mjamzito asubiri. Mwenye kisukari, tatizo la kuganda kwa damu au anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi azungumze kwanza na daktari wake.

Kuhusu kazi: matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, na vyombo vingine vya ulinzi navyo vina masharti ya aina hiyo. Kama ndoto yako ni sare, tumia hina.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja makovu yako matatu na jinsi kila moja lilivyopona.

## Hatua ya 2: Chagua mahali, kisha upime

Duara ni umbo lisilosamehe. Mstari ukipinda kidogo mwilini hakuna anayegundua, lakini duara likivutwa upande mmoja kila jicho linaona. Kwa hiyo tafuta sehemu pana isiyojikunja: katikati ya mgongo juu, upande wa nje wa paja, sehemu ya nje ya mkono kati ya bega na kiwiko, au shavu la mguu.

Mbavuni panawezekana, ila panauma sana na pumzi zinamsumbua mchoraji. Tumboni mchoro hubadilika uzito ukiongezeka au mimba ikija.

Kiwikoni usiweke kabisa. Ngozi ya pale inajikunja mchana kutwa, na zaidi ya hapo, Marekani na Ulaya utando wa buibui kiwikoni umehusishwa kwa miaka mingi na kifungo cha jela. Wavu wako ukichorwa vibaya mahali hapo, utasomwa hivyo.

Sasa zungusha futi kamba mahali ulipopachagua. Kwa mkono au mguu, gawanya mzunguko kwa 3. Hicho ndicho kipenyo kikubwa unachoweza kutumia. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 30 unabeba pete ya sentimita 10. Ukizidisha, kingo za pete zinazungukia nyuma na mtu aliye mbele yako anaona yai, si duara. Mgongoni na pajani una nafasi zaidi.

Kipenyo cha sentimita 9 kinafanya kazi vizuri kwa watu wengi, na kwa bahati nzuri ndicho kipimo cha pete za asili. Vipimo vyote vinavyofuata ni vya sentimita 9. Chini ya sentimita 5 sikushauri uendelee, kwa sababu wavu hautakuwa na pa kupumulia.

Pima pia urefu wa kwenda chini. Pete pamoja na manyoya huchukua takriban mara mbili na nusu ya kipenyo, yaani sentimita 22 hivi.

Umefaulu ikiwa: una namba mbili zilizoandikwa, kipenyo na urefu, na zote zinaingia mahali hapo bila kufika kwenye kiungo kinachokunjika.

## Hatua ya 3: Chora pete

Fungua bikari milimita 45 na uchore duara. Bila kuhamisha sindano, punguza hadi milimita 41 na uchore la pili ndani yake. Nafasi ya milimita 4 kati ya mistari hiyo ndiyo mti wa pete.

Usiijaze yote nyeusi. Pete za kawaida huzungushiwa ukanda wa ngozi, kwa hiyo chora vistari vilivyolala kidogo kuikata pete, kila baada ya milimita 5 hivi. Vistari hivyo vinakusaidia pia baadaye: pete yenye vistari ikivutwa kidogo na ngozi haionekani haraka kama pete tupu.

Mafundi wengi wa asili hukunja tawi bichi la mti uitwao willow, na pete hizo huweza kutoka kama tone kuliko duara kamili. Umbo la tone ni chaguo zuri kwa shavu la mguu, maana linafuata msuli. Lakini kama ni mara yako ya kwanza, baki na duara, kwa sababu hesabu ya wavu ni rahisi zaidi.

Umefaulu ikiwa: tundu la sindano ya bikari ni moja tu. Ukiona matundu mawili, anza upya sasa kabla hujaendelea.

## Hatua ya 4: Funga wavu

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Utando wa buibui una nyuzi zinazotoka katikati kwenda nje, na nyingine zinazozizunguka. Kinasa ndoto hakina uzi hata mmoja unaotoka katikati. Ni uzi mmoja tu. Unaanza kwenye pete, unafungwa kuizunguka kwa vifundo, kisha unaporudi mwanzo unafungwa katikati ya kila kipande cha uzi uliotangulia, ukivutwa. Mzunguko unaofuata unafungwa katikati ya huo, na kuendelea, ukikaribia katikati na kuacha tundu. Anayechora miale kutoka katikati amechora kitu kingine, hata akiweka manyoya mia.

Fanya hivi:

Kwanza, miale ya msaada. Kwa penseli hafifu, chora miale 8 kutoka katikati kila nyuzi 45 za kipimapembe. Katikati ya kila miwili, chora mwingine wa nukta nukta, kila nyuzi 22 na nusu. Jumla 16. Miale hii itafutwa yote. Kazi yake ni kukuonyesha vifundo vikae wapi.

Idadi ya 8 si ya bahati nasibu: wengi wanasema ni miguu ya buibui, kwa heshima ya Asibikaashi, buibui mwanamke anayelinda watoto. Wengine hufunga 7, kwa utabiri saba wa watu wao. Ukitaka 7, pembe ni nyuzi 51 na kidogo. Kuanzia 12 kwenda juu, mistari inaanza kusongamana.

Pili, maduara ya msaada. Kwenye kitovu kile kile, chora maduara hafifu ya milimita 33, 26, 21, 17 na 13 na nusu kutoka katikati. Kila moja ni kama asilimia 80 ya lililotangulia, na hiyo ndiyo siri ya wavu unaoonekana umevutwa kweli. Maduara yaliyo na nafasi sawa hufanya wavu uonekane umelegea.

Tatu, mzunguko wa kwanza. Weka nukta pale miale 8 ya kamili inapogusa ukingo wa ndani wa pete. Weka nyingine 8 pale miale ya nukta nukta inapokata duara la milimita 33. Sasa unganisha kwa rula: kutoka kwenye pete shuka hadi nukta ya 33, panda tena hadi pete, shuka, panda, mpaka urudi ulipoanzia. Tumia mistari iliyonyooka. Uzi uliokazwa unanyooka kati ya kifundo na kifundo, na ukiupinda kwa mapambo unaonekana umelegea.

Nne, mizunguko inayofuata. Mzunguko wa pili unaanza kwenye nukta za 33 na kushuka hadi miale ya kamili kwenye duara la 26. Wa tatu unaanza kwenye nukta hizo za 26 na kushuka hadi miale ya nukta nukta kwenye 21. Wa nne, kutoka 21 hadi 17. Wa tano, kutoka 17 hadi 13 na nusu. Unaona mpangilio: kila mzunguko unahamia kwenye miale ya aina nyingine.

Kwa pete ya sentimita 6, ishia mzunguko wa nne. Wavu wenye mizunguko michache unaoonekana vizuri una heshima kuliko ule wenye mizunguko 8 uliogeuka kivuli.

Tano, futa. Pita kwa kalamu nyembamba juu ya nyuzi tu, subiri wino ukauke, kisha futa miale yote na maduara yote ya msaada. Usibakishe hata mwale mmoja kwa sababu umependeza.

Penye vifundo, mistari minne inakutana. Hapo ndipo wino hutawanyika chini ya ngozi na kuvimbisha mstari. Usiongeze kifundo cha kalamu juu yake. Mwache mchoraji apite mara moja.

Umefaulu ikiwa: wavu umetengeneza vyumba vya pembe nne (vile vinavyogusa pete vina pembe tatu) vinavyopungua ukubwa kuelekea ndani, tundu la katikati lina umbo la nyota ya ncha nane, na ukiweka kidole kwenye uzi wowote unaweza kuufuata kuzunguka pete nzima bila kuangukia katikati.

## Hatua ya 5: Liache tundu wazi, weka shanga

Ombi ninaloliona mara nyingi ni kuweka kitu katikati: moyo, jicho, mwezi, herufi ya jina la mpenzi. Nakusihi usifanye hivyo. Ukiziba tundu, umeziba njia. Kwa mtu anayekijua kinasa ndoto, huo ni mlango uliopigwa misumari. Jina au tarehe viandike kando ya manyoya.

Shanga moja inatosha, iwekwe juu ya kifundo chochote ila si katikati kabisa. Wengi huifasiri kama buibui mwenyewe. Iwe na kipenyo cha milimita 4 au zaidi, na uache kijisehemu cheupe upande mmoja ili ionekane mviringo. Ndogo kuliko hapo itakuwa nukta tu.

## Hatua ya 6: Chora manyoya yanayoning'inia

Chora kamba tatu kutoka chini ya pete, moja katikati na mbili pembeni, zenye urefu tofauti. Mwisho wa kila moja weka shanga moja au mbili, kisha unyoya wa sentimita 6 hadi 9.

Elekeo ndilo kosa kubwa. Simama mikono ikiwa imening'inia: kule vidole vyako vinakoelekea ndiko chini. Kwenye mkono, pete iwe upande wa bega na manyoya yaelekee kiganja. Wanaotaka wauone mchoro "vizuri" wao wenyewe wakiwa wamekunja mkono ndio wanaotembea na manyoya yanayopanda mbinguni.

Kila unyoya uanze na uti: mstari mmoja uliopinda kidogo. Kisha chora umbo la nje kwa mistari miwili, na uvunje kingo mahali pawili au patatu kwa mpasuko mwembamba. Usichore kila unywele. Vistari 8 hadi 12 kila upande vinatosha, vyenye nafasi kati yake. Vikibanana vitageuka doa.

Unyoya wa ndege gani? Kwa watu wengi wa asili wa Amerika Kaskazini, unyoya wa tai hukabidhiwa mtu kama heshima kwa jambo alilolifanya. Mimi nisingejivika heshima ambayo sijakabidhiwa, na kwa sababu hiyo hiyo usiweke taji lao la manyoya kichwani mwa mchoro. Bundi naye anatajwa kama ndege wa hekima kwenye michoro ya kisasa, lakini kwa watu wengi wa asili wa huko ni mleta habari za kifo, na bibi yako atakwambia hivyo hivyo.

Pendekezo langu ni unyoya wa kanga. Uokote mmoja na uutazame kwa karibu kwenye mwanga wa dirisha: mwili wa kijivu kinachokaribia weusi, na juu yake nukta nyeupe za mviringo zimejipanga kwa safu. Kwenye ngozi nyeusi unyoya huu unatoka vizuri mno, kwa sababu nukta zinaachwa bila wino na ngozi yako ndiyo inayozijaza. Wino mweupe usiutumie kwa nukta hizo. Hufifia na kugeuka umanjano. Kila nukta iwe na kipenyo cha milimita 2 na nusu au zaidi.

## Rangi

Mweusi kwa kila kitu. Manjano, waridi na rangi nyingine za upole hazionekani vyema kwenye ngozi iliyokoza, na zikionekana hazidumu.

Uzi mwekundu una uhalali wake, kama nilivyoeleza. Ila wino mwekundu ndio unaoongoza kwa kuleta mzio, na mzio huo unaweza kujitokeza miezi au hata miaka baadaye. Ukiutaka, omba nukta moja ya majaribio mahali pasipoonekana na usubiri wiki kadhaa, ingawa hata hilo haliondoi hatari yote. Ukiwasha au kuvimba, chora uzi mweusi.

## Hatua ya 7: Majaribio matatu

Jaribio la marka. Weka karatasi ya kunakilia juu ya mchoro na upite kila mstari kwa marka ya milimita 1. Wino wa tatuu hunenepa kadiri miaka inavyokwenda, na marka inakuonyesha mapema. Popote nje ya vifundo mistari miwili inapogusana sasa, itagusana mwilini. Punguza mzunguko mmoja au ongeza kipenyo.

Jaribio la mita 2. Kata mchoro kwa mkasi ukifuata ukingo, ubandike mwilini kwa selotepu, na upigwe picha kutoka mita 2 ukiwa umesimama kawaida. Piga mbele, kulia na kushoto. Wavu ukionekana kama kivuli cha kijivu, rudi hatua ya 4. Kama pete inaonekana yai, rudi hatua ya 2. Zungushia ukingo kwa wanja ili ukumbuke mahali penyewe.

Jaribio la hina. Hili nalipenda kuliko yote. Mpe mchoraji wa hina mchoro wako akuchore mahali pale pale. Rangi hukaa wiki 1 hadi 3, muda wa kutosha wa kuishi na mchoro: utaoga nao, utavaa nguo za kazini, utaulizwa maswali. Wengi hugundua hapo kwamba wanataka uhamie sentimita 3 juu.

Dai hina ya asili, ile inayoacha rangi ya machungwa inayokoza kuwa kahawia. Ile piko nyeusi tititi inayopakwa watalii kwenye fukwe za Pwani na Zanzibar mara nyingi huchanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Inaweza kukuunguza, kutoa malengelenge na kukuachia kovu, na mtu akishapata mzio huo unamfuata kila anapotumia rangi ya nywele yenye PPD.

Umefaulu ikiwa: hina imefifia yote na bado unautaka, mahali pale pale.

## Hatua ya 8: Chagua mchoraji kwa mistari yake

Usimwombe akuonyeshe picha za tatuu mpya, kila tatuu hung'aa siku ya kwanza. Omba picha za kazi zilizopona, za mwaka mmoja au zaidi, kwenye ngozi yenye rangi kama yako. Tazama maduara na mistari mirefu.

Kisha tazama usafi. Sindano itolewe kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutumika mara moja, na uliobaki umwagwe. Glavu mpya, na zibadilishwe akigusa simu. Kuwe na chombo kigumu cha kutupia sindano. Homa ya ini aina ya B na C pamoja na VVU huambukizwa kwa sindano zilizorudiwa, kwa hiyo jambo moja tu likikosekana, aga kwa upole uondoke. Anayechora kwa sindano ya kushonea au mashine ya kujitengenezea usimpe mwili wako, hata kama ni rafiki.

Mwulize atatumia sindano gani. Kwa mchoro huu, sindano ya mstari ya ncha 7 kwa pete, ya ncha 5 kwa wavu, na ya ncha 3 kwa vistari vya manyoya tu, ni mpango mzuri. Akisema atafanya wavu wote kwa ncha 3 ili uwe mwembamba sana, mwambie unataka mistari itakayoonekana baada ya miaka kumi.

## Hatua ya 9: Siku ya kuchorwa

Kula vizuri, kunywa maji, usinywe pombe tangu jana yake. Vaa nguo nyeusi iliyolegea.

Stensili, yaani nakala ya mchoro inayobandikwa kwenye ngozi ili sindano iifuate, ibandikwe ukiwa umesimama, mikono imening'inia. Hapa wengi wanaharibu kazi yote waliyoifanya nyumbani: wanalala kitandani, mchoraji anabandika, wanaposimama ngozi inarudi mahali pake na duara limepinda. Kwa mkono, angalia kiganja kikielekea pajani, si kikiwa kimegeuzwa juu.

Jitazame kwenye kioo. Mwombe mtu apime pete kwa rula, wima na mlalo. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 2, ifutwe na ibandikwe tena. Mchoraji mwenye moyo wa kazi hatakasirika kubandika mara tatu. Ikishakaa sawa, iache ikauke dakika 10 hadi 15 kabla ya sindano, la sivyo mistari ya wavu itafutika kabla hajaifikia.

Aanze na pete, kisha wavu kutoka nje kwenda ndani, na manyoya mwisho.

Umefaulu ikiwa: mistari ni myembamba na safi, wekundu umeizunguka tu, na hakuna ukungu wa bluu unaotambaa nje ya mistari. Ukungu huo ukitokea, sindano imezama mno. Mwambie papo hapo.

## Hatua ya 10: Ponya

Fuata maelekezo ya mchoraji kuhusu kifuniko cha kwanza. Baadaye osha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato mara 2 kwa siku, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, tabaka jembamba sana. Mafuta mengi pamoja na jasho la joto letu hulowesha magamba na kuyang'oa na wino.

Kwa wiki 2 hadi 4 usiogelee baharini, ziwani wala kwenye bwawa. Jua lisiupige. Mgongoni, angalia mkanda wa sidiria na begi. Ukipanda bodaboda, funika kwa nguo safi dhidi ya vumbi. Magamba yatadondoka yenyewe, na kuwasha kutakuwepo. Piga kofi dogo juu ya nguo badala ya kukuna.

Nenda hospitali ikiwa wekundu unaongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, kukiwa na usaha, homa, au michirizi myekundu inayopanda kutoka kwenye mchoro. Mistari ikianza kuinuka na kutambaa nje ya wino baada ya wiki au miezi, mwone daktari wa ngozi mapema, maana keloidi changa hutibika kwa urahisi kuliko iliyokomaa. Usijipake krimu za steroidi za madukani kwa kubahatisha.

Baada ya wiki 6 piga picha kwenye mwanga wa mchana na uikuze kwenye simu. Kagua vifundo kimoja kimoja, kuanzia pete kwenda ndani. Uzi uliokatika au uliofifia unaweza kurudiwa, na wachoraji wengi hurekebisha mara ya kwanza bila malipo. Ulizia hilo kabla ya kulipa siku ya kwanza. Kifundo kilichonenepa kiache kama kilivyo: kukipitia tena kunakiongezea wino, na chumba kilicho pembeni yake ndicho kitakachoziba.